Bayeri, usilaze wakimbizi chini ya dale mbichi

Papa mmoja alinisimamisha Nguba siku ya Jumanne, nikitoka kazini na begi la redio begani. Alikuwa amesikia kipindi chetu juu ya nyumba za kupanga, na hakufurahi. «Wewe wa redio,» akaniambia, «munatuchafulia jina bure. Hii Bukavu yote ilijengwa na miti. Baba yangu alimwaga dale yake na miti, mimi nimemwaga yangu na miti, na nyumba zote mbili ziko zimesimama. Sasa munataka tununue vyuma vya Wazungu?»

Nilianza kumjibu pale pale kando ya barabara, lakini pikipiki zilikuwa zinatupigia honi na hatukumalizana. Basi, papa, jibu langu ndilo hili. Nimeliandika ili na wengine walisome.

Wewe mwenyewe uliniambia kwamba dale ya baba yako ilikuwa moja, na siku ile ya kumwaga chini yake hakukuwa na mtu. Yako ni etaji ya pili juu ya ya kwanza, na chini kuna familia nne zilizokimbia vita. Hapo hatuzungumzii tena kitu kimoja. Baba yako alihatarisha mali yake. Wewe unahatarisha watoto wa watu.

Wasikilizaji wetu wanajua hali ilivyo tangu Februari 2025, wakati M23 walipoingia mjini. Na kabla ya hapo watu walikuwa wamekwisha kuja kutoka Kalehe, Minova, Kabare na kwingine. Wengine wamepokelewa na ndugu, watu kumi na wawili ndani ya chumba na salo. Wengine wamelala kanisani au shuleni mpaka wakaambiwa waondoke. Na wengine, ambao hawahesabiwi sana, wameingia kwenye shantye ambazo hazijaisha. Kuta zipo, milango hakuna, juu kuna dale iliyomwagwa juzi na chini imejaa miti. Bayeri anaona ni faida: anapata mlinzi bila kumlipa, na mara nyingine anachukua dola chache kwa mwezi. Familia nayo inaona ni afadhali kuliko mvua. Wanafunga kamba kutoka mti mmoja hadi mwingine, wanaanika nguo. Mama mmoja alinionyesha jinsi alivyotenga «chumba» chake: pazia limepigiliwa misumari kwenye sitiki mbili zinazobeba dale.

Zinazobeba dale. Ni hapo ninapotaka tusimame kidogo, maana watu wengi hawaoni kitu gani kiko juu ya vichwa vyao.

Betoni yenye feri ndani, mita moja ya ujazo, ina uzito wa karibu kilo 2,500. Chukua chumba cha mita 4 kwa 5, dale ya unene wa sentimita 15. Hiyo ni mita 3 za ujazo, yaani kilo 7,500. Mfuko wa simenti una kilo 50. Kwa hiyo juu ya chumba hicho kimoja ni kama mmepanga mifuko 150 ya simenti. Betoni ikikomaa, dale inajibeba yenyewe, uzito unapita kwenye putre, kwenye kolone, kwenye fondasyo, na unaishia ardhini. Lakini siku ya kumwaga ile kitu ni uji. Haijibebi hata kidogo. Inakaa juu ya mbao za kofraji, na mbao zinakaa juu ya vile vilivyosimama chini yake. Vikiteleza hivyo, mifuko 150 inashuka.

Sasa, kwa wasiojua, vitu vya kusimamisha chini ya kofraji ni vya aina mbili. Kwetu tunatumia zaidi sitiki, miti ya eukaliptusi inayoletwa kutoka milima ya Kabare na Walungu. Aina ya pili ni etanso ya chuma. Ni mirija miwili, mmoja unaingia ndani ya mwingine. Ule wa ndani una matundu. Unauvuta mpaka urefu unaotaka, unapitisha pini ya chuma kwenye tundu, kisha kuna pete yenye meno ya skrubu unayoizungusha kwa mkono ili ipande au ishuke polepole. Juu na chini kuna sahani ya chuma ili uzito usichome sehemu moja. Si kitu kipya. Mswisi mmoja, William de Vigier, alianzisha kampuni yake ya Acrow kule London mwaka 1936 na akaieneza etanso hii duniani. Ni karibu miaka 90 sasa. Wenzetu wa Nairobi na Kampala wanaiita propu.

Papa wa Nguba atasema: umeona, unasifu chuma cha Wazungu. Hapana. Mimi sina ugomvi na mti. Mti wa eukaliptusi ulionyooka, mnene, uliokauka vizuri, ukisimama wima juu ya kitu imara, unabeba mzigo mkubwa. Nchi nyingi zimejenga hivyo, na wengine bado wanajenga hivyo. Ugomvi wangu ni namna tunavyoisimamisha, tunavyoiunga na tunavyoitoa, halafu tunasema Bukavu yote ilijengwa hivyo.

Nitasimulia moja niliyoiona kwa macho. Kabla sijasoma uandishi wa habari nilifanya kazi ya siku, kama vijana wengi hapa, kubeba betoni kwa beseni. Ilikuwa kwenye kilima kimoja cha Kadutu, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Miti ilikuwa imesimamishwa juu ya vipande vya matofali, na matofali yalikaa juu ya udongo ule wetu mwekundu, ambao ukilowa unakuwa kama sabuni. Juu walikuwa wanamwaga. Kapita akaniita: «Dogo, ingia chini, uangalie miti.» Nikaingia na nyundo. Nikakuta tofali moja limezama lote, mti unaning'inia, haubebi kitu. Yaani majirani zake walikuwa wanabeba sehemu yake. Kapita akanipa kipande cha mbao nikipige pale kama kabari. Nilipiga. Kila nikipiga, maji ya simenti yalikuwa yananidondokea shingoni, na nilisikia mti mwingine nyuma yangu ukitoa sauti, ile sauti ya kijiti kinapotaka kuvunjika. Nilitoka bila kuuliza ruhusa. Dale ile haikuanguka. Ilishuka vidole vitatu katikati na mpaka leo iko na tumbo. Nililipwa nusu ya siku kwa sababu nilitoroka. Mwenye shantye ile ukimuuliza leo, atakwambia nyumba yake ilijengwa na miti na imesimama.

Hiyo ndiyo shida ya ushahidi wa «imesimama». Zile ambazo hazikuanguka hazituelezi zilikaribia kiasi gani.

Turudi kwenye hesabu, nitaieleza haraka. Ukiweka mti kila mita moja, kila mti unabeba mita moja ya mraba: karibu kilo 375 za dale, bila kuhesabu watu, mbao na mabeseni. Masoni akitaka kuokoa miti akaiweka kila mita moja na nusu, anafikiri ameongeza kidogo. Kumbe kila mti sasa unabeba zaidi ya kilo 840, karibu mifuko 17. Na siku ya kumwaga vijana wana haraka, wanarundika betoni mahali pamoja kabla ya kuisambaza. Rundo la nusu mita juu ya mita moja ya mraba linapita tani moja, peke yake.

Halafu kuna jambo la urefu na unene. Chukua kijiti cha fagio, kifupi kama kidole, kibonyeze kutoka juu: hakipindi. Chukua kile kile kikiwa kirefu kama mkono: kinapinda mara moja. Wainjinia wana hesabu yake tangu zamani. Mti ule ule ukiwa mrefu mara mbili, nguvu yake ya kukataa kupinda inabaki robo. Na mti wenye unene nusu haubaki na nusu ya nguvu. Unabaki na sehemu moja kati ya 16. Kwa hiyo zile sitiki nyembamba kama mkono wa mtoto, zinazochomekwa katikati ya zile nene ili «kusaidia», hazisaidii. Na zile mbili zilizoungwa kwa misumari ili zifike juu, pale zilipoungwa ndipo goti lake. Cha kushangaza, dawa yake ni rahisi: mbao za kufunga miti kwa miti katikati ya urefu, kwenda na kurudi, pande zote mbili, na nyingine za mshazari. Hiyo inafanya mti mrefu ujione mfupi. Mbao hizo na misumari yake ni pesa kidogo. Tembea Bukavu, chungulia shantye kumi, uniambie umeziona kwenye ngapi.

Etanso ya chuma inazidi mti kwa mambo mawili hasa. La kwanza, unajua inabeba nini. Zile zinazofuata kanuni za Ulaya zimegawanywa kwa madaraja A hadi E, na zile za D zimepangiwa tani 2 hivi, za E tani 3 hivi, zikisimama wima. Mti hauna daraja; masoni anaupima kwa jicho. La pili, na kwangu hili ndilo kubwa, ni siku ya kutoa. Ile pete unaizungusha kidogo, etanso inashuka kidogo sana, unangoja, unaangalia dale kama inafuata chini au inabaki juu. Ukiona inafuata, unairudisha. Mti wenye kabari unaupiga nyundo, unaruka, basi. Hakuna kurudisha.

Lakini nisidanganye watu. Chuma nacho kina ujinga wake. Nimeziona etanso za kukodi zilizopinda kama ndizi, zenye kutu mpaka pete haizunguki, na mahali pa pini wameweka kipande cha feri namba 8 au musumari mrefu. Pini ile ndiyo inayobeba mzigo wote. Ukiweka musumari umefanya tani mbili zikae juu ya musumari. Wengine wanachanganya: upande huu etanso, upande ule sitiki, chini ya dale moja. Mti unazama kwenye udongo, chuma hakizami, mzigo unahamia kwenye chuma na dale inapasuka kati yao. Na etanso iliyosimamishwa juu ya tope bila ubao mpana chini yake inazama kama mti. Mwenye akili mbaya atamwaga dale mbaya hata na vyuma vya Ujerumani.

Sasa tuje kwenye siku. Betoni haikauki kama nguo, inakomaa. Inapimwa kwa siku 28. Kwa siku 7, kama imemwagiwa maji vizuri na simenti si ya kuchanganya na mchanga kwa wizi, inafika labda theluthi mbili ya nguvu yake. Na baridi inaichelewesha, na sisi hapa juu ya ziwa, kwenye mita 1,500 hivi, usiku wetu si wa Uvira. Kwa nini basi miti inatolewa mapema? Si kwa sababu masoni ni mjinga. Ni kwa sababu miti ni ya kukodi, au ni ya kapita mwenyewe, na kuna shantye nyingine inaingojea. Kila siku mti unapobaki chini ya dale yako ni siku moja haumletei mtu pesa. Mkataba unasema «mpaka dale imalizike» na hakuna aliyeandika tarehe. Hapo bayeri anajifanya hajui, masoni anajifanya anajua, na miti inaondoka siku ya nane.

Kuna habari mbili za Marekani ambazo ningependa kila kapita azijue. Tarehe 2 Machi 1973, mahali panapoitwa Bailey's Crossroads, jimbo la Virginia, walikuwa wanajenga jengo refu la kukaa watu. Walipokuwa wanamwaga juu kabisa, vishikizo vya dale ya chini yake vilikuwa vimekwisha kutolewa kabla ya wakati. Dale ya juu ikaangukia ya chini, ya chini ikaangukia inayofuata, mpaka ardhini. Wafanyakazi 14 walikufa. Miaka mitano baadaye, tarehe 27 Aprili 1978, kule Willow Island, West Virginia, kofraji na jukwaa la wafanyakazi vilikuwa vimening'inizwa kwenye betoni ya mnara iliyomwagwa siku moja tu kabla. Usiku ulikuwa wa baridi, betoni haikuwa imekomaa, hakuna aliyeipima. Watu 51 walikufa, na miongoni mwao walikuwemo ndugu wengi wa ukoo mmoja. Hao walikuwa na mashine, wainjinia na vyuma vyote unavyovitaka. Kilichowaua ni haraka.

Na ile ya Virginia inatugusa kwa njia ambayo papa wa Nguba hakuifikiria. Unapojenga etaji ya pili, miti ya dale mpya inasimama juu ya dale ya zamani. Dale ya kwanza ilipangwa kubeba vitanda, meza na watu: kama kilo 150 au 200 kwa kila mita ya mraba. Leo unaitwika dale nyingine, kilo 375 kwa mita, juu yake kundi la vijana wenye mabeseni. Ndiyo maana fundi wa kweli anarudisha vishikizo hata chini ya dale ya kwanza, ili mzigo upite mpaka ardhini. Wewe umevitoa vyote chini, ukavipandisha juu kwa sababu huna vingine, na pale vilipokuwa umeweka familia nne. Unaona sasa kwa nini nimekasirika?

Mtu ataniambia kwamba wakimbizi wenyewe wanaharibu, wanachukua miti kuwasha moto. Ni kweli, inatokea, na ni lazima tuseme. Mfuko wa makala umekuwa mzigo kwa mama yeyote wa Bukavu, sembuse yule aliyefika na watoto watano na sufuria moja. Usiku wa mvua, mti mmoja ambao unaonekana kama haubebi kitu, nani atauacha? Nilizungumza na baba mmoja kutoka upande wa Kalehe. Aliniambia bila kuficha: «Tulitoa ule wa pembeni, na mwingine. Dale haikutikisika. Tulifikiri fundi aliweka nyingi juu ya woga.» Papa, wewe ni mkulima, ungejuaje? Hakuna aliyekueleza. Yule aliyekufungulia mlango alijua, akakuchukulia pesa, akanyamaza. Lawama ninampa yeye.

Kwa hiyo ninawaambia ninyi mliolala kwenye shantye, mama zangu na kaka zangu: mti ulio chini ya dale msiuguse, hata kama unacheza. Ukicheza, maana yake jirani yake amelemewa. Muulizeni aliyewapokea dale ilimwagwa tarehe gani, na mtaje tarehe hiyo kwa chefu wa avenyu. Lalisheni watoto upande wa ukuta na kolone, si katikati ya chumba. Mkiona tumbo katikati ya dale, mkiona mpasuko mpya, vumbi la simenti likidondoka asubuhi ambapo jana halikuwepo, au mkisikia mti ukilia usiku, tokeni nje kwanza, mtauliza nje. Na siku wanapomwaga juu, msikae chini hata kama mwenye nyumba anasema hakuna shida. Siku hiyo hata kuku asibaki ndani.

Kuna tetemeko pia. Hapa sihitaji kuelezea sana, wengi wetu tulikuwepo Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008. Lilikuwa la ukubwa wa 5.9, watu wakiwa kanisani. Ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Rwanda, walikufa zaidi ya 30, na hapa kwetu pia tulizika watu, kuta zikapasuka mtaa kwa mtaa. Ardhi ya Kivu haijaacha kutikisika tangu siku hiyo. Mti uliosimama juu ya tofali, umekazwa na kabari, bila mbao za kuufunga na wenzake, unangoja mtikisiko mdogo sana kuliko ule. Kila wiki dale mbichi inayokaa hivyo ni bahati nasibu, na anayenunua tikiti siye anayelala ndani.

Pesa. Najua, kila mtu ananiambia pesa. Benki zilifunga, mshahara hauji, bidhaa za barabara ya Goma na za Uvira zimepanda. Nimekubali yote hayo. Lakini mtu anayemwaga etaji ya pili amekwisha kulipa feri, simenti, kokoto, mchanga na watu wa kubeba. Hakuwa maskini siku ya kununua feri. Umaskini unakuja pale tu tunapofika kwenye kitu ambacho hakitaonekana nyumba ikiisha. Etanso haibaki kwenye nyumba, huwezi kuionyesha kwa wageni, ndiyo maana inakatwa kwenye bajeti kwanza. Mimi nasema hivi: asiye na pesa ya kushikilia dale kwa siku 28 hana pesa ya dale. Aezeke mabati, angoje. Si aibu.

Na kuna njia ya pamoja ambayo tunaijua vizuri kuliko Wazungu. Mama zetu wa soko la Kadutu wanacheza likelemba wananunua mabalo ya nguo. Kwa nini wamasoni kumi wa kartie moja wasicheze likelemba ya etanso? Kila mzunguko mmoja ananunua kumi, na baada ya mwaka wana zao wenyewe, hazikodiwi kwa mtu anayewaharakisha kutoa. Etanso ikitunzwa, ikipakwa mafuta kwenye meno yake, inafanya kazi miaka na miaka. Sitiki ukiipigilia misumari mara nne imekuwa kuni. Parokia na makanisa yenye shantye zao pia. Mnajenga kila mwaka, mnaomba sadaka ya simenti, ombeni na sadaka ya etanso, halafu mzikodishe kwa waumini kwa bei ya chini, kwa sharti moja: haziondoki kabla ya tarehe iliyoandikwa ukutani. Andikeni tarehe ya kumwaga kwa rangi kwenye kolone, kubwa, kila mpita njia aisome. Hiyo haina gharama hata kidogo. Mwenye kukataa kuandika tarehe, sote tutajua kwa nini.

Wengine wataniambia siku hizi hakuna serikali ya kumshitakia mtu. Hilo la kesi nani atalikata siwezi kulimaliza hapa. Ila sheria haijafutwa. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba na wajibu, ile ya kitabu cha tatu cha sheria ya raia, kipengele cha 258, inasema anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake lazima aifidie. Kipengele cha 262 kinamtaja mwenye jengo waziwazi: likianguka kwa kukosa kutunzwa au kwa ubovu wa kujengwa, ni yeye anayejibu. Na kitabu cha makosa, kipengele cha 52, kinajua kuua kwa kukosa tahadhari, hata kama hukutaka. Hakuna mahali pameandikwa kwamba ukimpokea mkimbizi kwa huruma unasamehewa. Na huruma yenyewe, papa, kama unachukua dola kwa mwezi, inaitwa kodi.

Wainjinia nao nisiwaache. Kuna wale wanaosaini mpango wa nyumba na hawaonekani tena mpaka siku ya kupiga picha. Mpango unaonyesha feri ngapi ndani ya putre. Miti chini ya kofraji mmeiachia nani? «Hiyo ni kazi ya masoni.» Masoni naye anasema «injinia ameshaona.» Katikati ya hayo maneno mawili ndipo mama yule amepigilia pazia lake.

Nilirudi kumuona Ijumaa. Mwenye nyumba hakuwepo. Nilihesabu miti ya chumba chake na cha jirani: 19. Mara ya kwanza nilikuwa nimehesabu 22. Tulimwita chefu wa avenyu, akaja, akatazama juu kwa muda mrefu bila kusema kitu, kisha akasaidia kubeba magodoro. Familia mbili zimehamia kwenye veranda ya jirani, mbili zinatafutiwa mahali mpaka leo ninapoandika. Yeyote mwenye chumba kavu kwa watu tisa, Ibanda au Kadutu, apite redioni amuulize mlinzi wa geti. Na wewe papa wa Nguba, dale yako ya pili uliniambia uliimwaga mwisho wa mwezi uliopita. Usitoe miti. Toa watu.